Njia Panda ya Misigiri: Nchi Iliyoulizwa Sana

Msafiri atokaye Singida mjini kwenda Nzega hufika Misigiri kabla hajaanza kuteremka. Hapo njia hugawanyika. Moja hushika kaskazini kwenda Kiomboi, makao ya Wilaya ya Iramba. Nyingine huendelea magharibi, na punde si punde huingia katika kona za mlima Sekenke, ambako malori yaendayo Rwanda na Burundi huteremka kwa gia ndogo mpaka Shelui na mbuga ya Wembere. Mtu wa visiwani akipita hapo kwa basi huona vibanda, madumu ya mafuta ya alizeti na matenga ya kuku, kisha husinzia tena.

Si kosa kusinzia. Lakini njia panda ile imesimama katikati ya nchi ambayo kwa muda wa karne moja na nusu imeulizwa maswali mengi kuliko miji mingi yenye majina makubwa. Katika mwendo usiozidi siku moja au mbili kutoka Misigiri wamepita wachora ramani, wapima miamba, wakusanya maneno, wawinda mbung'o, wachimba mafuvu, wahesabu ng'ombe, wapima jasho la watu na, hivi karibuni, watafuta mafuta. Kila mmoja alikuja na daftari lake na swali lake. Wengi waliondoka na majibu. Historia ya ujio wao haijaandikwa mahali pamoja, na sababu moja ni kwamba madaftari yao yaliandikwa kwa Kijerumani, Kiingereza na lugha nyingine za mbali, yakawekwa katika miji ambayo Mnyiramba hana safari ya kwenda.

Jambo la kwanza ambalo mtu wa pwani anapaswa kulijua kuhusu nchi hii ni kwamba maji yake hayafiki baharini. Mvua inyeshayo upande wa Sekenke huteremka hadi mbuga ya Wembere; Mto Wembere huyabeba maji hayo hadi Ziwa Kitangiri; na kutoka Kitangiri Mto Sibiti huyapeleka Ziwa Eyasi, ziwa la magadi lisilo na mlango wa kutokea. Hapo hukaa mpaka jua liyanywe. Wanajiolojia hueleza kwamba Bonde la Ufa, linaloshuka kutoka kaskazini kwa nguvu nyingi, huanza kuchoka linapofika sehemu hizi, likagawanyika na kufifia. Na mteremko wa Sekenke, unaowatoa jasho madereva, ni ukingo mmojawapo wa bonde hilo. Miamba iliyo chini yake ni ya zamani sana, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Ni katika miamba hiyo dhahabu ilipojificha, nasi tutaifikia.

Miongoni mwa wageni wa mwanzo walioacha maandishi ni Henry Morton Stanley, naye hakuwa mtafiti hasa. Alikuwa mwandishi wa magazeti mwenye bunduki nyingi. Aliondoka Bagamoyo Novemba 1874 na Januari 1875 akapigana na Wanyaturu mahali alipopaita Vinyata. Kutoka hapo msafara ulipita Iramba kwa njia ya Mgongo Tembo, ukafika Ziwa Nyanza mwishoni mwa Februari. Wasomaji wa visiwani wanapaswa kukumbuka kwamba wengi wa waliobeba mizigo, ramani na vipimo vya safari ile walikuwa Wangwana waliotoka Unguja, na kwamba miongoni mwa waliokufa Vinyata walikuwamo watu ambao wake zao walikuwa wakiwangojea Ng'ambo na Malindi. Stanley aliandika kitabu. Wangwana walirudi na masimulizi, nayo yakaishia barazani.

Mgeni aliyefuata ana haki zaidi ya kuitwa mwanachuoni. Oscar Baumann, mzaliwa wa Vienna, alifika Ziwa Eyasi mwaka 1892 na kuliweka katika ramani ya Wazungu kwa mara ya kwanza. Mwaka uliofuata, akirejea kutoka magharibi, alikatiza nchi ya Wanyaturu. Kitabu chake cha safari kilichapishwa Berlin mwaka 1894. Huyu ndiye Baumann yule yule aliyekuja baadaye kuwa konsuli wa Austria-Hungaria hapa Unguja, na aliyeandika juu ya Mafia mwaka 1896, Unguja mwaka 1897 na Pemba, kitabu kilichotoka mwaka 1899, mwaka aliokufa akiwa na umri wa miaka 35. Wanaopenda kudhani kwamba bara na visiwa vilichunguzwa na watu wa namna mbili mbalimbali watazame jina hilo: jicho lililoipima mikoko ya Pemba lilikuwa limekwisha kuupima uchumvi wa Eyasi.

Kisha akaja Erich Obst, mwanajiografia, aliyetumwa na Chama cha Jiografia cha Hamburg mwaka 1910. Makao yake yalikuwa Mkalama, ambako Wajerumani walikuwa na boma lao. Kutoka hapo, mwaka 1911, alikwenda kukaa na Wahadzabe, ambao majirani zao waliwaita Wakindiga, na mwaka 1912 akachapisha taarifa yake. Obst ndiye aliyejishughulisha zaidi na ile hali ya maji yasiyofika baharini. Aliipa nchi nzima jina refu la Kijerumani lenye maana ya nchi ya vipande vya miamba isiyo na njia ya maji kutokea. Ni jina zito, lakini ni kweli. Tatizo la Obst lilikuja baadaye: kuanzia 1924 alikuwa mmoja wa wahariri wa jarida la Kijerumani lililofundisha kwamba ardhi ndiyo hatima ya taifa, fundisho ambalo Wanazi walilifurahia. Mtu aliyejifunza kusoma mabonde kwa uangalifu namna ile angeweza kujifunza jambo lingine huko Mkalama.

Wakati Obst akipima mabonde, wenzake walikuwa tayari chini ya ardhi. Mgodi wa Sekenke ulianza kuchimbwa na Wajerumani mwaka 1909, ukawa mgodi mkubwa wa dhahabu wa koloni. Elimu ya miamba hapa haikuwa ya anasa. Ilizaa fedha kwa maana halisi ya neno. Vita Kuu ilipowakatia Wajerumani njia ya bahari, dhahabu ya Sekenke ilipelekwa Tabora, na mwaka 1916, katika karakana ya reli, ikapigwa sarafu za rupia 15: upande mmoja tai wa Ujerumani, upande wa pili tembo aliyeinua mkonga na mlima nyuma yake. Septemba mwaka huo huo Wabelgiji waliingia Tabora, na sarafu zikatawanyika. Leo watozaji wa sarafu huko Ulaya huzinunua kwa bei ambayo mchimbaji mdogo wa Sekenke hawezi kuiota. Mgodi wenyewe ulifungwa mwaka 1959, lakini wachimbaji wadogo hawakuondoka.

Hapa ndipo inapofaa kukaa kidogo, maana mgeni wa baadaye kidogo anawahusu wapenzi wa mashairi kuliko wote.

Jina la Frederick Johnson limeshikwa mkononi na kila mshairi wa pwani. Ndilo jina linalohusishwa na kamusi sanifu ya Kiswahili kwa Kiingereza iliyotolewa mwaka 1939, ile ambayo wazee wetu waliigombeza kwa kukosa maneno yao na bado wakaenda kuiazima kila walipokwama. Johnson alikuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha iliyoanza kazi Januari 1930, baada ya mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kukichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Aliifanyia kazi kamusi ya Madan, aliyekuwa na wamisionari wa Unguja, akaipanua. Hakuishi kuiona ikichapishwa. Mwaka 1929 alikuwa amekwisha kutoa tafsiri ya Mashimo ya Mfalme Sulemani, kitabu cha Rider Haggard, na watoto wa shule wa vizazi viwili au vitatu wakakisoma.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba kabla ya kuwa mlezi wa Kiswahili sanifu, Johnson alikuwa amekaa na Kinyiramba. Katika miaka ya 1920 alichapisha maelezo ya sarufi ya lugha hiyo katika jarida la Johannesburg lililoshughulikia lugha za Kibantu, na mwaka 1931, akiwa tayari katibu wa Kamati, jarida hilo hilo likatoa hadithi za Wanyiramba alizozikusanya. Kinyiramba ni lugha yenye toni: neno likipandishwa sauti hapa na kushushwa pale huweza kubadili maana yake, jambo ambalo Kiswahili cha pwani kimelipoteza zamani, kikabaki na mkazo wake katika silabi ya pili kutoka mwisho. Mtu aliyefunzwa na lugha kama hiyo anajua kwamba Kiswahili si kipimo cha lugha nyingine zote za Kibantu. Hapana haja ya kudai kwamba masikio aliyoyapata Iramba yanaonekana katika kurasa za kamusi. Inatosha kuona kwamba mtu aliyepewa mamlaka ya kuamua neno lipi la Unguja ni sanifu na lipi si sanifu alikuwa amekaa kitako na wasimulizi wa bara, akawaandika neno kwa neno.

Tena kuna jambo la pili, nalo linachoma. Johnson alikuwa mfasiri. Hadithi za Waingereza alizitia katika Kiswahili ili Waafrika wazisome. Hadithi za Wanyiramba alizichapisha kwa ajili ya wasomaji wa Kiingereza. Njia ya kutoka Kinyiramba kwenda Kiswahili, ambayo ni fupi kuliko zote na ambayo yeye aliweza kuipita akiwa amefumba macho, hakuipita. Pengine hakuna aliyemwomba. Kamati ilihitaji vitabu vya shule, na waliokuwa wakiidhinisha vitabu hivyo waliona kwamba mtoto wa Kiafrika ana haja ya kumjua Allan Quatermain kuliko kumjua sungura wa Iramba. Wasimulizi nao, kama ilivyokuwa desturi ya siku zile, walitoa maneno, na kitabu kikachukua jina la mwandishi.

Sayansi ya wadudu ilikuja kwa mlango wa maafa. Mbung'o walikuwa wakiila nchi. Walipoingia, ng'ombe walikufa na watu wakahama. Charles Swynnerton alianzisha huko Shinyanga, mwishoni mwa miaka ya 1920, idara ya utafiti wa mbung'o iliyopata sifa duniani. Aina moja ya mbung'o wa vichaka vya sehemu hizi ilikuwa imekwisha kupewa jina lake mwaka 1923. Swynnerton hakuwa mtu wa maabara tu. Alitambua kwamba wenyeji walikuwa na elimu yao ya moto: nyasi zikichomwa mapema huungua nusunusu na vichaka husalia, zikingojewa zikauke kabisa, moto huwa mkali na mbung'o hukosa kivuli. Alishirikiana na machifu wa Usukuma kuupanga moto huo kwa ratiba. Maelfu ya watu walikata vichaka kwa mikono. Katika taarifa za idara elimu hiyo ya moto iliitwa majaribio.

Pamoja naye alikuwapo Bernard Burtt, mtaalamu wa mimea, aliyetembea Tanganyika yote akikusanya majani na maua. Msitu wa vichaka wa Itigi, kusini ya Singida, ambao hauna mfano mahali pengi duniani, aliuelewa kuliko mtu yeyote wa zama zake. Mti mmoja wa huko, Burttia, umechukua jina lake. Juni 1938 Swynnerton na Burtt walipanda ndege ndogo pamoja kuelekea Dar es Salaam. Ndege ilianguka katika Wilaya ya Singida, wote wawili wakafa. Kitabu cha Burtt cha kutambulia miti kilitolewa baada ya kifo chake. Mwaka 1949 Brenan na Greenway walichapisha orodha ya miti ya Tanganyika, na ndani yake, pembeni mwa kila jina la Kilatini, yamewekwa majina ya wenyeji kwa lugha nyingi. Ni kitabu kikavu, cha maofisa wa misitu. Lakini mwenye kupenda maneno akikifungua hukiacha kwa shida.

Mwaka 1934 alifika daktari wa Kijerumani, Ludwig Kohl-Larsen, mwanachama wa chama cha Hitler, akatafuta mafuvu pande za Eyasi hadi 1936, kisha akarudi tena 1937 hadi 1939. Mwaka 1935 aliokota ufukweni mwa ziwa vipande vya fuvu la mtu wa kale, ambalo mtaalamu wa Kijerumani akalipa jina la Kilatini lililotokana na Njarasa, jina jingine la Eyasi. Alichimba pango la Mumba, ambalo tabaka zake zimeonekana kuwa na umri wa zaidi ya miaka 100,000. Mwaka 1939, huko Garusi, mahali ambapo leo dunia inapajua kwa jina la Laetoli, aliokota kipande cha taya ambacho thamani yake ilifahamika miongo kadhaa baadaye. Sehemu kubwa ya alivyovichimba iko Tübingen. Naye pia, kama Johnson, alisikiliza hadithi: mwaka 1956 alitoa kitabu cha hadithi za Wahadzabe kwa Kijerumani. Ni jambo la kustaajabisha kwamba mtu wa itikadi ile, iliyowagawa wanadamu kwa madaraja, alikaa miaka akiwasikiliza watu ambao itikadi yake iliwaweka chini kabisa, na kwamba kukaa huko hakukumbadilisha kadiri inavyoonekana. Elimu ya kuchimba na elimu ya kusikiliza zaweza kukaa katika kichwa kimoja zisijuane.

Baada ya vita, wageni walibadilika. Si wakusanyaji tena bali watu wa kukaa. Mfano ulio bora zaidi wapatikana kwa Wanyaturu wa Wahi, kusini ya Misigiri, ambako watafiti wawili walifanya kazi karibu wakati mmoja na wakarudi na nchi mbili tofauti.

Wa kwanza ni Harold Schneider, Mmarekani, aliyeishi huko mwaka 1959 na 1960. Wakati huo wasomi wengi waliamini kwamba Mwafrika mfugaji anampenda ng'ombe kwa mapenzi yasiyo na hesabu, kana kwamba ni maradhi. Schneider alihesabu. Alitazama nani anamkopesha nani, mtama unabadilishwa kwa ndama wakati gani, mahari inapanda na kushuka vipi, na akahitimisha kwamba Mnyaturu anafanya biashara kwa akili kama mfanyabiashara wa Chicago, isipokuwa benki yake ina pembe na hunywa maji. Kitabu chake kilitoka mwaka 1970. Kabla ya hapo, mwaka 1962, aliandika pia juu ya watu-simba wa Singida, yale mauaji yaliyoitisha nchi katika miaka ya 1940, ambamo wauaji walidaiwa kuvaa ngozi za simba. Serikali ya Waingereza ilikuwa imekwisha kunyonga watu kabla wasomi hawajaanza kuuliza kulikuwa na nini hasa.

Wa pili ni Marguerite Jellicoe, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi za utafiti wa jamii Singida mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwasikiliza wanawake, na alisikiliza sala za jua. Mwaka 1967 alichapisha katika jarida la Transition la Kampala makala kuhusu Wanyaturu wanavyolisifu jua, na mwaka 1969 aliandika juu ya upinzani wa Wanyaturu dhidi ya Wajerumani, ule unaohusishwa na Liti, mwanamke ambaye inasimuliwa kwamba aliwatuma nyuki kuwashambulia askari mwaka 1908. Kitabu chake juu ya Wahi kilitolewa Nairobi mwaka 1978. Akimsoma Schneider, msomaji ataona nchi ya mikataba. Akimsoma Jellicoe, ataona nchi ya siri, ya nyimbo na ya hofu. Hakuna aliyesema uongo. Mahari ni hesabu, nayo huambatana na wimbo, na mtu mmoja hupata tabu kushika kalamu ya kuandika vyote viwili. Hata hivyo, mshairi atasamehewa akimpenda Jellicoe zaidi. Liti naye amepata uwanja wa mpira wenye jina lake mjini Singida, heshima ambayo hakuna mtafiti aliyeipata huko.

Katika miaka hiyo hiyo Howard Olson, mmisionari wa Kilutheri kutoka Marekani, aliandika tasnifu ya mwaka 1964 juu ya sauti na maumbo ya maneno ya Kirimi, yaani Kinyaturu. Wengi wanamjua kwa jambo jingine: ndiye aliyekusanya tuni za Kiafrika na kuzitia katika nyimbo za ibada, ili watu waache kumwimbia Mungu kwa tuni za Ulaya. Mtu anaweza kuingia kanisani bila kujua kwamba wimbo anaouimba ulipita kwanza katika meza ya mwanaisimu. Naye Jan Lindström, Mswidi, alitoa mwaka 1987 kitabu kuhusu wakulima na wafugaji wa uwanda wenyewe wa Iramba, nacho kina jina lisilo la kawaida kwa kitabu cha chuo kikuu: kinasema kwamba Iramba inatupendeza.

Wahadzabe, kaskazini, ndio walioulizwa kuliko wote. Ni watu wachache, zaidi kidogo ya elfu moja, na baadhi yao wako Munguli katika Wilaya ya Mkalama, iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012. Tangu James Woodburn alipoanza kukaa nao mwaka 1958, sijui za dunia zimepita kwao moja baada ya nyingine. Lugha yao, yenye sauti za kudodosa ulimi, wataalamu wamekubaliana kwamba haina ndugu anayejulikana. Kutoka kwao, katika miaka ya 1990, Kristen Hawkes na wenzake walitoa hoja ya bibi: kwamba wanawake wazee wanaochimba mizizi ardhini ndio wanaowalisha wajukuu wakati mama ananyonyesha, na kwamba huenda ndiyo sababu mwanamke wa kibinadamu huishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake waliwanywesha maji yaliyotiwa alama, wakapima nguvu wanazotumia kwa siku, wakakuta jambo lililowashangaza: Mhadzabe atembeaye kutwa akiwinda hutumia nguvu karibu sawa na Mmarekani akaaye ofisini, ukizingatia ukubwa wa mwili. Mwaka 2014 vijidudu vya matumbo yao vililinganishwa na vya Waitaliano wa Bologna. Maarifa haya ni ya faida kwa wanadamu wote, na si haki kuyadharau. Lakini ni vigumu pia kutoona kwamba jamii ambayo damu, jasho na kinyesi chake vimepimwa kwa ustadi wa kiasi hicho imekuwa ikipoteza ardhi yake mwaka baada ya mwaka kwa wafugaji na wakulima, na kwamba kwa muda mrefu jambo hilo la pili halikuwa na kipimo wala jarida.

Watafiti Watanzania hawakungoja kualikwa. Taifa lilianzisha Baraza la Utafiti mwaka 1968, likaitwa UTAFITI, na mwaka 1986 sheria ikaunda Tume ya Sayansi na Teknolojia, ambayo mgeni mwenye daftari hulazimika kuiomba kibali. Audax Mabulla, aliyekuja baadaye kuwa mkurugenzi wa Makumbusho ya Taifa, aliandika tasnifu yake ya mwaka 1996 juu ya zana za mawe za bonde lile lile la Eyasi. Michoro ya miambani ya Iramba na Mkalama imeanza kuchunguzwa na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mradi wa Lugha za Tanzania, ulioanza chuoni hapo mwaka 2001, ulitoa Atlasi ya Lugha za Tanzania mwaka 2009, ambamo Kinyiramba na Kinyaturu vimepata mahali pao katika ramani iliyochorwa nchini. Hata hivyo sehemu kubwa ya tasnifu hizi imeandikwa kwa Kiingereza, kwa sababu ndivyo zinavyosahihishwa.

Siku hizi wapitao Misigiri wakiwa na vipimo ni watu wa nishati. Kabla ya 1914 Wajerumani waliota ndoto ya kuyaleta maji ya Ziwa Nyanza katika mbuga ya Wembere ili kulima pamba, vita ikaizima. Katika miaka ya 2010 na 2020 Shirika la Maendeleo ya Petroli la Tanzania limekuwa likichunguza bonde hilo hilo, Eyasi–Wembere, kutafuta mafuta chini ya matope ya ziwa la kale. Nalo bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hukatiza Mkoa wa Singida kwenda Chongoleani, Tanga. Mafuta ya Waganda yatafika baharini kwa kupita katika nchi ambayo mvua yake yenyewe haifiki.

Hadithi alizozikusanya Johnson bado zimo katika jarida la mwaka 1931. Mashimo ya Mfalme Sulemani yalichapwa na kuchapwa tena, na nakala zake kuukuu hupatikana katika maduka ya vitabu vya mitumba Dar es Salaam na Mombasa kwa bei ya soda mbili. Mwanafunzi wa Misigiri anayetaka kusoma kwa Kiswahili kisa ambacho babu wa babu yake alikisimulia kwa Johnson itampasa kwanza aijue Kiingereza, kisha apate mtu wa kumfungulia maktaba ya chuo kikuu, kisha akifasiri mwenyewe.